Upepo wa Tairi: Kipimo Kipi Kinafaa kwa Safari ya Kasi?

Mkazi wa Kigera anayesafiri kwenda Mwanza hupita Makutano, Bunda, Lamadi na Magu. Gari limejaa abiria na magunia ya dagaa, na sehemu kubwa ya barabara ni lami iliyonyooka inayomshawishi dereva kuongeza mwendo. Kabla ya kuondoka Musoma, fundi wa pancha humuuliza: "Nikuwekee ngapi?" Usalama wa wote waliomo garini hutegemea jibu hilo.

Majibu matatu yenye kasoro

Wapo wanaosema, "Jaza mpaka liwe gumu," wakiamini kuwa gari litakuwa jepesi. Tairi lililozidi upepo huvimba katikati, na sehemu inayogusa barabara hupungua. Gari huchelewa kusimama, hasa wakati wa mvua, na kashata za katikati huisha mapema.

Wapo wanaopunguza upepo kwa kuwa wamesikia kwamba madereva wa mashindano hufanya hivyo ili tairi lishike barabara. Madereva hao hutumia tairi maalumu, na mafundi wao huzipima mara kwa mara. Katika safari ya kawaida, ubavu wa tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila gurudumu linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto. Mzigo na mwendo vikizidi, mpira huachana na nyuzi za ndani, na tairi huweza kupasuka ghafla.

Wengine husoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Namba hiyo ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe. Si kipimo kilichowekwa kwa ajili ya gari lako.

Kipimo sahihi kinapatikana wapi?

Kipimo cha gari lako kimeandikwa na mtengenezaji kwenye kibandiko kilichopo katika nguzo ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Kipimo hicho ni cha tairi za ukubwa uliotajwa hapo. Baadhi ya vibandiko vina vipimo viwili: cha mzigo mdogo, na cha gari lililojaa au linalokwenda kasi. Kwa safari tuliyoieleza, fuata cha pili.

Magari mengi yaliyotoka Japani huonesha kipimo kwa kPa, ilhali geji za mafundi wetu husoma PSI. Gawanya kPa kwa 6.9 upate PSI. Kwa mfano, kPa 220 ni takriban PSI 32, na kPa 240 ni takriban PSI 35.

Pima tairi likiwa limepoa

Tunashauri upime gari likiwa limeegeshwa kwa saa 3 au zaidi, au likiwa halijatembea zaidi ya kilomita 2. Tairi lililotoka Musoma na PSI 33 laweza kusoma 37 likifika Bunda, kwa sababu hewa iliyomo imepata joto. Usiitoe hewa hiyo. Ukilirudisha kwenye 33 likiwa bado na joto, likipoa litakuwa na upepo pungufu.

Kabla ya kuondoka, hakikisha kuwa:

1. Umesoma kibandiko na kumtajia fundi namba yako mwenyewe.
2. Umeiona geji kwa macho yako kwa kila tairi, pamoja na tairi la akiba.
3. Hakuna tairi lililopungua upepo kuliko mengine. Likiwapo, likaguliwe kama lina pancha.
4. Hakuna tairi lenye kipara, nyufa au uvimbe. Upepo sahihi hauponyi tairi bovu.

Unaponunua tairi, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2322 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Dai risiti ya EFD na uitunze. Ukiuziwa tairi unaloshuku kuwa halijakidhi viwango, toa taarifa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mwisho, tunakumbusha kuwa upepo sahihi hauhalalishi mwendo uliokatazwa. Ndani ya makazi, kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Tairi lililojazwa ipasavyo humsaidia dereva makini. Halimkingi anayekiuka sheria.