Mgonjwa Aketi, Mgonjwa Asimame

Wengi wetu tunaujua ule mkanda wa rangi unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya santimita 11,5 ni nyekundu: apelekwe leo, si kesho. Mkanda hauulizi jina la ugonjwa. Unapima unene wa mkono tu, kwani mwili ukiugua sana unakula akiba yake, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ni misuli.

Kwa mtu mzima ni vilevile. Mgonjwa mahututi anayelala bila kusogea anapoteza misuli tangu siku za kwanza. Hata mzee mwenye afya, akilala siku 10 mfululizo, miguu inapungua. Ndiyo maana munganga anamwambia mgonjwa, "Nifinye vidole." Si salamu. Anapima nguvu, kwa sababu mgonjwa aliyelegea mikono na miguu mara nyingi anakawia kupona.

Mwaka 2009 waganga wa Chicago na Iowa, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Wamoja walinyooshwa viungo, wakaketishwa na kusimamishwa mapema sana, karibu siku ya kwanza au ya pili. Wengine walingojea kama desturi. Wakati wa kutoka hospitali, 59 kwa mia wa kundi la kwanza waliweza kujiosha, kuvaa na kutembea wenyewe. Katika kundi la pili, 35 kwa mia tu.

Hapa Goma mashine hizo ni chache, lakini garde-malade hakosekani kando ya kitanda, na mara nyingi ni sisi. Niseme wazi: mapendo yetu yanamlaza mgonjwa. Tunamlisha kijiko kwa kijiko na mkono wake ni mzima. Akijaribu kuketi, tunamrudisha: "Lala, bado uko zaifu." Lakini kulala huko nako kunamzidishia uzaifu! Sisi walimu tunaliona kila mwaka baada ya likizo kubwa: mkono usioshika kalamu miezi miwili unaandika kama wa mgeni.

Kwa hiyo, kila asubuhi, muulize munganga au kine: "Leo anaweza kuketi? Anaweza kushusha miguu?" Kama ana mfupa uliovunjika, oparesheni mpya, pumzi fupi au kizunguzungu, usimwinue bila ruhusa. Akiruhusiwa, ashike kijiko mwenyewe, ajipanguse uso mwenyewe, aende chooni akiegemea bega lako.

Na ale. Bugali na sombe peke yake havitoshi kurudisha misuli. Ongeza sambaza, maharagi, karanga, uji wenye soya.

Kwa watoto wenye utapiamlo mkali, OMS imeweka hatua 10 za matunzo, na ya 9 ni mchezo na upendo. Mchezo, wamama, umeandikwa pamoja na maziwa na dawa.

Akirudi nyumbani, mketishe kwenye kiti kigumu, mkono wako ukiwa karibu naye. Hesabu ni mara ngapi anasimama bila kujishika. Andika katika kayee, tarehe na hesabu, kila juma. Hesabu ikishuka, rudi naye kituo cha afya na ile kayee mkononi.