Endiinzi: Nchi ya Migomba, Ng'ombe na Wageni

Askari akipewa barua ya uhamisho huuliza mambo matatu kabla ya kufunga mizigo yake: huko ni umbali gani, maji yanapatikana wapi, na watu wake ni watu wa namna gani. Leo tumekusudia kuwajibu ndugu zetu wa jeshi na wa polisi ambao wamepata kulisikia jina la Endiinzi, ama kwa sababu wamepangiwa kazi huko, ama kwa sababu wenzao walipita huko wakiwa katika safari za vita. Mahali penyewe ni padogo. Hata hivyo, mambo yaliyopita katika vilima vyake ni makubwa kuliko ukubwa wa mji, na anayekwenda kulinda amani huko bila kuyajua atakuwa kama mtu anayetembea gizani katika nyumba ya wenyewe.

NCHI YENYEWE

Endiinzi ni mji mdogo wa wakulima na wafugaji katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Sehemu hiyo yote ilikuwa chini ya wilaya ya Mbarara mpaka mwaka 2005, Isingiro ilipofanywa wilaya peke yake. Upande wa kusini nchi huteremka mpaka mto Kagera, ambao ndio mpaka wetu na Tanzania. Jirani na Endiinzi yamo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na ziwa la jina hilo hilo, umbali wa kilometa 60 hivi kutoka mji wa Mbarara.

Mgeni anayetoka Mbarara huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Kwanza huviona vilima vilivyofunikwa na migomba tangu bondeni mpaka kileleni, maana Isingiro ni miongoni mwa wilaya zinazolisha Kampala kwa matoke. Vijana husukuma baiskeli zilizolemewa na mikungu mpaka kando ya barabara, na hapo malori hupakiwa kwa safari ya usiku. Kisha vilima hulegea, miti ya miiba huongezeka, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huonekana wakiongozwa kwenda kunywa maji. Hapa tumo katika ule ukanda wa wafugaji unaoikata Uganda kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki.

Mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Mvua hizo zikija kwa wakati, mkulima hupata maharagwe, mahindi na ndizi za kutosha, na ziada ya kuuza. Zikikosa kuja, shida huingia upesi sana, kwa kuwa chemchemi ni chache na visima huhitaji kuchimbwa kwenda chini sana. Ukame wa mwaka 2016 ulikausha migomba ya Isingiro na kuwatia njaa watu ambao kwa desturi ndio wanaowalisha wengine.

Maji ya kutegemewa ni ya ziwa. Mto Rwizi huanzia katika milima ya Buhweju, hupita Mbarara mjini, kisha huingia katika mabwawa na maziwa madogo, yakiwemo Mburo na Nakivale, kabla ya maji yake kwenda Ziwa Viktoria. Mwaka 2006 mabwawa hayo ya Mburo na Nakivale yaliingizwa katika orodha ya kimataifa ya maeneo ya majimaji yanayostahili kuhifadhiwa. Basi ni dhahiri kwamba anayekata mafunjo au kulima ukingoni mwa Rwizi huko juu, humpunguzia maji mtu wa Nakivale asiyemjua wala asiyemwona.

NANI ALIFIKA KWANZA

Swali hili huulizwa sana Endiinzi, na limewahi kuleta maafa. Kwa sababu hiyo tunaomba msomaji alifuate pamoja nasi kwa utulivu.

Ufalme wa Nkore, ambao Waingereza waliupanua na kuuita Ankole kwa mkataba wa mwaka 1901, una chimbuko lake katika Isingiro. Mapokeo huutaja mwanzo wake kwa jina la Ruhinda, na mahali paitwapo Bweyorere pamefukuliwa na wataalamu wa mambo ya kale, wakaona mabaki ya mji wa wafalme hao. Bahima walichunga ng'ombe, Bairu walilima, na kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Kisha balaa zikafuatana. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifagia mifugo ya Ankole. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbung'o wakaingia kutoka upande wa Karagwe, ng'ambo ya Kagera, wakaeneza nagana kwa ng'ombe waliosalia. Wafugaji wakahama, na pori likachukua mahali palipokuwa malisho. Sehemu kubwa ya nchi hii ikabaki karibu tupu kwa miaka mingi, mpaka Serikali ilipofanya kazi ya kuwafukuza mbung'o kwa kufyeka vichaka na kuwapiga risasi wanyama wa porini katika miaka ya 1950 na 1960.

Nchi iliyofunguliwa namna hiyo haikukosa watu. Bahima walirudi na makundi yao. Bakiga, ambao nchi yao ya Kigezi ilikwisha kujaa na ambao Serikali ilianza kuwahamisha tangu miaka ya 1940, walikuja na majembe yao wakapanda migomba. Na katika miaka hiyo hiyo, kutoka kusini, wakaja Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao Novemba 1959. Mwaka 1960 Nakivale ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi.

Kwa hiyo watu wengi wanaogombania mashamba leo ni watoto na wajukuu wa watu waliofika katika kizazi kimoja, na tofauti yao ni karatasi walizopewa walipofika: huyu alihesabiwa raia, na yule alihesabiwa mkimbizi.

NJIA YA MAJESHI

Wasomaji wetu wa jeshi hawahitaji kukumbushwa kwamba nchi iliyo mpakani ni njia ya vita. Septemba 1972 wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni Tanzania walivuka mpaka, wakaishambulia kambi ya Simba mjini Mbarara, wakashindwa. Februari 1979 jeshi la Tanzania, likiwa pamoja na Waganda waliompinga Idi Amin, lilipanda kutoka Kagera. Kukawa na mapigano makali katika milima ya Gayaza, katika Isingiro hii hii, na kabla ya mwisho wa mwezi huo Mbarara ilitekwa. Mji uliharibiwa vibaya, na wakulima waliokuwa kando ya barabara waliacha mavuno shambani.

Lakini jeraha ambalo halikupona upesi halikutokana na majeshi ya kigeni. Oktoba 1982 wakuu fulani wa wilaya, pamoja na vijana wa chama kilichokuwa kikitawala, na wakisaidiwa na baadhi ya askari, waliwafukuza watu wa asili ya Rwanda majumbani mwao katika Ankole. Nyumba zilichomwa moto, ng'ombe wakachukuliwa. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo raia kamili wa Uganda. Maelfu walikimbilia Rwanda, na maelfu wengine wakaingia katika makazi ya Nakivale na Oruchinga, wakawa wakimbizi katika nchi waliyozaliwa.

Tunalitaja jambo hili kwa askari bila kusudi la kumwaibisha mtu, ila kwa sababu matokeo yake yaliwafikia askari wenyewe. Vijana wengi walioona nyumba za wazazi wao zikiungua waliingia msituni na jeshi la NRA. Fred Rwigyema, ambaye utotoni familia yake ilihifadhiwa katika kambi ya Nshungerezi huko Ankole, alipanda mpaka akawa Meja Jenerali na Naibu Waziri wa Ulinzi wa Uganda. Tarehe 1 Oktoba 1990 aliongoza wapiganaji wa RPF kuingia Rwanda kwa mpaka wa Kagitumba, na siku iliyofuata akauawa. Vita alivyovianza viliendelea mpaka mwaka 1994. Hapana shaka vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, lakini nyumba zilizochomwa mwaka 1982 ni mojawapo.

ARDHI ILIYOACHWA

Mwaka 1994, baada ya ushindi wa RPF, wakimbizi wengi wa zamani walirudi kwao. Mashamba yaliyokuwa yamelimwa kwa miaka zaidi ya 30 yakabaki bila watu. Wenyeji wenye haja ya ardhi, na wafugaji ambao walikosa malisho, baadhi yao wakiwa wameondolewa Ziwa Mburo lilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, waliingia na kukaa. Wengine walinunua kwa mtu aliyekuwa akiondoka, wakidhani kwamba wamenunua halali.

Lakini makazi hayakufungwa. Walikuja Wanyarwanda wengine, safari hii wakikimbia serikali mpya. Wakaja Warundi, Wasomali, Wahabeshi na Wasudani, na baada ya vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1998 wakaja Wakongo, ambao leo ni wengi kuliko wote. Makazi yana ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 185, na watu wake wamepita laki moja. Hapo zamani familia ilipewa kiwanja cha mita 50 kwa 100 cha kujenga na kulima. Kadiri watu walivyozidi, viwanja vilipunguzwa, na sasa mwingine hupata mahali pa nyumba na bustani ndogo tu.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mkimbizi huonyeshwa kiwanja na mkuu wa makazi, akifika akikuta kuna migomba ya mtu. Mwenye migomba husema, "Hapa nimezika baba yangu." Mfugaji husema kwamba njia ya ng'ombe kwenda ziwani imelimwa mahindi. Kila mmoja huenda kumwita askari, na kila mmoja huamini kwamba askari atakuwa upande wake.

WAJIBU WA MWENYE SARE

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, humruhusu mkimbizi kuitumia ardhi aliyopewa kwa kulima na kuchunga, lakini haimruhusu kuiuza wala kuipangisha. Kwa hiyo karatasi ya mauzo kati ya mkimbizi na mwenyeji haimpi mnunuzi haki, hata kama mashahidi kumi wameitia sahihi. Nani yumo ndani ya mpaka wa makazi na nani yuko nje ni kazi ya wapima ardhi na mawe ya mpaka. Nani ana haki ni kazi ya mahakama. Kazi ya askari ni kuhakikisha kwamba hakuna anayechoma, anayekata migomba wala anayepiga, mpaka wenye kazi hizo mbili wamalize.

Huo ni wajibu mgumu kuliko kufyatua risasi. Julai 2010 Wanyarwanda wapatao 1,700 waliokuwa Nakivale na Kyaka walipakiwa kwenye malori chini ya ulinzi wa silaha na kurudishwa kwao. Baadhi waliruka kutoka kwenye malori yanayokwenda, na kukawa na vifo. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi lililaani kitendo hicho waziwazi. Tunasema kwa heshima kwamba amri inayotekelezwa kwa haraka na bila hesabu humwachia askari mzigo ambao aliyetoa amri haubebi.

Wananchi wa Endiinzi wenyewe hutupa mfano mwema. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao Uganda uliuona kwanza mwaka 2001 huko Mukono, ulipofika Ankole uliogopesha kuliko ukame. Mkulima alifundishwa kulivunja ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda, asilikate kwa kisu, maana kisu kilichogusa mgomba mgonjwa huupeleka ugonjwa kwenye ule mzima. Ilibidi raia na mkimbizi wafanye hivyo pamoja, kwa kuwa ugonjwa hauulizi kitambulisho. Vivyo hivyo sokoni: Mkongo huuza maharagwe, Msomali huuza nguo na sukari, Mnyankore huuza maziwa na matoke.

Na lugha inayowaunganisha sokoni hapo ni Kiswahili. Lugha hii iliingia Uganda zamani kwa wafanyabiashara, ikakaa katika kambi za jeshi na vituo vya polisi, na raia wengi wakaiogopa kwa sababu waliisikia zaidi ikitoa amri. Katiba iliitambua kuwa lugha ya pili rasmi mwaka 2005. Askari anayefika Nakivale hukuta wageni wengi wanaiongea vizuri kuliko yeye. Ni bahati njema. Anaweza kuitumia kuuliza habari za mtu kabla ya kumwamuru, na akajifunza Runyankore kidogo kwa ajili ya wazee wenyeji ambao hawakisemi Kiswahili.

Ndugu askari, ukipangiwa Endiinzi, siku za mwanzo tembea kwa miguu. Yajue mawe ya mpaka yalipo, ijue njia ya ng'ombe, jua kisima kipi hukauka mwezi wa Julai. Msikilize mwenyekiti wa kijiji, kisha msikilize na kiongozi wa wakimbizi, siku moja hiyo hiyo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nchi ambayo karibu kila mtu aliwahi kuwa mgeni, wewe nawe ni mgeni wa mwisho kufika, na wenyeji wanatazama umekuja na nini.