Telomerasi na Wasaidizi Wake katika Kimelea cha Utumbo

Miongoni mwa vimelea viishivyo katika utumbo mwembamba wa mwanadamu, Giardia hujulikana sana kwa kuleta maradhi ya kuhara. Huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kimelea hiki ni seli moja tu yenye viini viwili, na urefu wake ni maikromita 12 hadi 15. Hata hivyo, seli hiyo hujigawa tena na tena bila ya kromosomu zake kufupika hadi kuharibika. Je, hulindwa na nini?

Kila DNA inaponakiliwa, ncha za kromosomu hupungua kidogo. Ncha hizo, ziitwazo telomeri, huikinga kromosomu kama fundo likingavyo mwisho wa kamba ya katani usifumuke. Telomeri za binadamu zina herufi sita za kemia zinazojirudia, TTAGGG. Za Giardia zina tano, TAGGG. Kimeng'enya kinachorudisha sehemu iliyopotea ni telomerasi, ambacho Carol Greider na Elizabeth Blackburn walikigundua mwaka 1984 katika Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kiishicho majini. Kimeng'enya hiki ni mfano wa fundi atembeaye na kipimo chake mwenyewe: hubeba kipande cha RNA kionyeshacho herufi za kuongezwa.

Lakini fundi huyo hafanyi kazi peke yake. Katika seli za binadamu, protini Hsp90 husaidia kukiunda kimeng'enya. Protini za kundi la 14-3-3 husaidia kikae ndani ya kiini. Na TPP1 hukifikisha kwenye telomeri. TRF1, kwa upande wake, huzuia ncha isirefushwe kupita kiasi. Hivyo, kuwako kwa telomerasi si uthibitisho kwamba inafanya kazi.

Telomerasi ya Giardia haina sehemu iitwayo motifu T, ambayo katika viumbe wengi husaidia kuishika RNA. Kwa hiyo wasaidizi wake wanastahili kuchunguzwa kwa makini. Endapo miungano yao ni tofauti na ile ya binadamu, dawa yaweza kuivunja pasipo kumdhuru mgonjwa. Endapo inafanana, dawa hiyo hiyo itamdhuru mgonjwa pamoja na kimelea. Basi mwanafunzi wa biolojia asitosheke kujua jina la kimeng'enya. Na aulize pia hushirikiana na nani, wapi, na wakati gani.