Ufunguo Usiuache Kwenye Mashine

Karakana nyingi za shule na vyuo zina bango la "Usalama Kwanza". Bango zuri, ila halikuambii ufanye nini. "Kuwa makini" nayo ni hivyohivyo. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili awe makini, atakodoa macho na kusogea karibu zaidi na mashine ili aone vizuri, basi.

Nayaandika haya kwa sababu toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeipa elimu ya amali nafasi kubwa, na baadhi yetu tunaosoma ualimu tutajikuta field tumekabidhiwa karakana yenye mashine mbili tatu na darasa limejaa. Usiseme wewe ni wa Fizikia haikuhusu. Mkuu wa shule akikosa mtu, wa kwanza kutazamwa ni huyohuyo wa Fizikia.

Watu huogopa mashine na kuzidharau tupa, spana na nyundo. Kumbe balaa mara nyingi huanzia pale viwili hivi vinapokutana.

Chukua mashine ya kukereza vyuma. Ina kichwa kinachoshika chuma kwa meno, na meno hayo hukazwa kwa ufunguo wenye umbo la T unaoingia ubavuni mwa kichwa. Mtu anakaza, anauacha ufunguo palepale ili achukue rula, mwenzake anawasha. Ufunguo ule unaruka kama jiwe la kombeo, na hauchagui wa kumpiga. Kwa hiyo kanuni ninayoiamini haina neno "makini" ndani yake: ufunguo ukiwa kwenye kichwa cha mashine, mkono wako uko juu yake. Ukitaka kuuachia, uchomoe kwanza. Hata kama ni kwa kujikuna pua. Zipo funguo zenye springi zinazojisukuma nje zenyewe, na ukizipata shukuru, lakini tabia ya mkono ndiyo ya kufundisha.

Halafu suala la nguo. Hapa tufanye hesabu kidogo, maana nimeona maneno matupu hayamshtui mtu. Tuseme mashine inazunguka mara 600 kwa dakika, kasi ya kawaida tu. Hiyo ni mizunguko 10 kwa sekunde. Chuma chenye kipenyo cha milimita 50 kina mzingo wa karibu sentimita 15.7, kwa hiyo uso wake unapita zaidi ya mita moja na nusu kila sekunde. Binadamu akishtuka, huchukua kama robo sekunde kabla mkono haujaanza kutii. Katika robo sekunde hiyo chuma kimeshavuta karibu sentimita 40 za kitambaa. Pima kwenye mkono wako mwenyewe: kutoka kifundo, unapita kiwiko. Yaani hujaanza hata kuvuta mkono wako nyuma.

Ndiyo maana glavu, ambazo kila mtu anadhani ni usalama, huvuliwa mbele ya mashine inayozunguka. Zivae unapobeba mabati yenye ncha kali, zivue kabla ya kuwasha. Kitambaa cha kufutia nacho kisiguse chuma kinachozunguka. Na tai! Sisi walimu wa mazoezi tunalazimishwa tai, na tai ni kamba uliyojifunga shingoni mwenyewe. Ivue, msimamizi akifika utaivaa. Anayevaa ushungi auchomeke ndani ya koti la kazi, mwenye rasta azifunge nyuma.

Tupa ina hadithi yake. Mkia wake umechongoka ili uingie kwenye mpini, na mipini ya mbao hupasuka na kupotea, kwa hiyo utakuta tupa kibao zinatumika hivyohivyo. Kwenye jiriwa, chuma kikiwa kimetulia, unaweza kuponea. Kwenye chuma kinachozunguka, ncha ya tupa ikigonga meno ya kichwa inarudishwa kwa nguvu ya mota, na ule mkia unaingia kwenye kiganja. Mpini kwanza. Kisha ushike mpini kwa mkono wa kushoto, ncha kwa kulia. Inaonekana kinyume, na wanafunzi watalalamika, lakini ukishika kwa kulia mkono wako wa kushoto utapita juu ya kichwa kinachozunguka.

Mengine niyapitie haraka. Vipande vya chuma vinavyojisokota viondolewe kwa brashi au ndoano, mashine ikiwa imezimwa, kamwe si kwa vidole. Bati linalotobolewa kwa drili lifungwe kwenye jiriwa, kwa sababu keekee inapotokeza upande wa pili hung'ata na kulizungusha bati lote. Tindo ambayo kichwa chake kimechanua kama uyoga kwa kupigwa nyundo isagwe kwanza, la sivyo vile vipande vya pembeni vitaruka. Na unapoisaga kwenye grenda, hakikisha pengo kati ya kiegemeo na jiwe halizidi milimita 3, miwani ikiwa machoni na si juu ya paji la uso.

Kitu cha mwisho hakihitaji bajeti ya kuombea kikao. Tafuta kipande cha plaiwudi, pigilia misumari, tundika kila kifaa, kisha chora umbo lake kwa rangi. Ufunguo wa mashine uwe na msumari wake karibu kabisa na swichi, umezungushiwa rangi nyekundu. Mwanafunzi anayetaka kuwasha anatazama ubaoni kwanza. Akiona wekundu mtupu, anauliza ufunguo uko wapi. Kipindi kikiisha, kabla hamjafunga mlango, mtazame tena ubao wote, kwa sababu spana inayokosekana huenda imelala juu ya mashine ambayo darasa la mchana litakuja kuiwasha.