Ugonjwa wa Kiwele Usioonekana kwa Macho

Kwa wafugaji wa Wesha, kisiwani Pemba, ugonjwa wa kiwele, yaani uvimbe unaosababishwa na vijidudu vinavyoingia kupitia tundu la chuchu, hutambulika upesi kiwele kinapovimba na maziwa kutoka na mabonge. Lakini wenye hasara kubwa zaidi ni ule uliojificha, ambapo ng'ombe huonekana mzima huku maziwa yakipungua. Kipimo kilichotangazwa mwaka 1957 huko California huufichua: maziwa ya kila chuchu hukamuliwa katika kishimo chake kwenye kisahani, hutiwa dawa ya kupimia kwa kiasi kilekile na kuzungushwa, nayo yakiwa mazito kama uji, ni dalili kwamba seli nyeupe za kinga zimejaa humo. Mfugaji akiona hivyo, amwite daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa yoyote ya kutibu.