Baada ya Tufani: Kawia Ufike

Tufani ikivuma kila mtu hujua kuwa pana hatari. Bati hulia, minazi huinama, bahari hunguruma, wala hapana mwenye akili atokaye nje. Lakini asubuhi yake, jua likichomoza na upepo ukitulia, watu husema, "Alhamdulillahi, imekwisha." Hapo mwenye safari hufunga mzigo wake, dereva huwasha motokaa yake, na mvuvi hulitazama tanga lake. Nia yetu katika mazungumzo haya ni kueleza kwa nini asubuhi ile njema yaweza kumdhuru msafiri kuliko usiku wenyewe, na yatupasa kufanya nini sisi tukaao kando ya njia.

Kwanza na tujue tufani ni kitu gani. Tufani kubwa, au kimbunga, huzaliwa juu ya bahari yenye joto. Maji ya bahari yakipata joto la nyuzi 26 au 27, mvuke mwingi hupanda juu, na hewa ya pande zote hukimbilia mahali pale ili kuijaza nafasi. Dunia yetu nayo hujizungusha kama pia, na mzunguko huo huupotosha upepo usiende moja kwa moja, bali uzunguke. Katika bahari yetu, kusini ya ikweta, upepo wa tufani huzunguka kama mishale ya saa. Katikati pana mahali patulivu paitwapo jicho. Mtu akipitiwa na jicho huona upepo umekoma ghafula, akadhani mambo yamekwisha. Kumbe baada ya kitambo kidogo upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande mwingine. Basi utulivu wa tufani ni kitu cha kutazamwa mara mbili kabla ya kuaminiwa.

Mtu aweza kuuliza, mbona sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatupatwi na jambo hili kila mwaka kama wenzetu wa Madagaska na Msumbiji? Sababu ni mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba tu karibu na ikweta, na hapo nguvu ya kuupotosha upepo ni dhaifu. Ya pili ni kisiwa cha Madagaska chenyewe, ambacho urefu wake wapata kilometa 1,600. Kisiwa hicho kimelala baharini kama boma; tufani nyingi zitokazo mashariki huvunjika juu yake au hugeukia kusini.

Lakini ngao si ukuta usio na mlango. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja katika enzi ya Seyyid Barghash. Vyombo vingi vilivyokuwa bandarini vilizama au vilitupwa pwani, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Tarehe 15 Aprili 1952, siku ile ile ya mwezi baada ya miaka 80, tufani ilifika Lindi. Mwaka 2019, mwezi wa Aprili, kimbunga Kenneth kilipita Ngazija kikaingia Msumbiji upande wa kaskazini. Na mwaka 2021, mwezi uo huo wa Aprili, kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania, lakini kikafa nguvu kabla ya kudhuru. Tazama basi jinsi nyingi zilivyokuja mwezi wa Aprili, wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika vizuri. Nao ndio wakati wa masika, ambapo nchi imekwisha kushiba maji.

Sasa na tuiangalie iliyo karibu katika kumbukumbu zetu. Katika siku za kwanza za Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilitokea baharini mashariki ya pwani yetu. Hidaya katika lugha yetu ni tunu, zawadi. Lakini zawadi hii haikuombwa na mtu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa habari mapema, siku baada ya siku, na boti za kwenda Unguja zikazuiwa kusafiri. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia nguvu zake zikiwa zimepungua sana, na usiku wa manane kilikuwa kimekwisha. Waliokuwa wakiuogopa upepo peke yake walishukuru.

Walakini Hidaya haikuja na upepo tu. Katika wilaya ya Kilwa, kwa muda wa siku moja ilinyesha mvua iliyozidi milimita 300, na wastani wa mwezi mzima wa Mei mahali pale haufiki milimita 100. Hesabu ya milimita ni ngumu kwa wengine wetu, basi tuihesabu kwa madebe. Milimita moja ya mvua katika meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la nyumba yenye urefu wa meta 10 na upana wa meta 5 ni meta 50 za mraba. Kwa mvua ya milimita 300, paa hilo moja lilipokea lita 15,000, yaani madebe 750 ya lita ishirini. Na hilo ni paa moja tu. Fikiri sasa mashamba, mapori na vilima vyote vya Kilwa, na ardhi iliyokuwa imelowa tangu masika haiwezi kunywa tena. Maji yale yatakwenda wapi? Yatashuka bondeni kuitafuta bahari, na kati yao na bahari iko barabara.

Barabara ile ni njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Huvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, kisha hushuka kusini ikikata mabonde mengi madogo ambayo wakati wa kiangazi hayana hata maji ya kunawa mikono. Katika siku zile za Mei ilikatika mahali kadhaa, pamoja na Somanga na Mikereng'ende. Mabasi na malori yalisimama upande huu na upande huu. Abiria walilala njiani, na wengine walikuwa na watoto wadogo. Mwenye kutaka kwenda kusini kwa njia nyingine ya lami alikuwa hana budi kuzunguka kwa Morogoro, Iringa, Songea, Tunduru na Masasi. Safari ya Mtwara, ambayo kwa njia ya pwani hupata kilometa 560, kwa mzunguko huo haipungui kilometa 1,500. Mafundi na mitambo walifanya kazi ya kujaza mawe na udongo, na baada ya siku chache magari yakaanza kupita tena.

Yafaa tufahamu barabara hukatikaje, maana anayefahamu hatadanganyika. Barabara inapovuka bonde huinuliwa juu ya tuta la udongo, na chini ya tuta huwekwa kalvati, yaani bomba au mfereji wa saruji wa kupitishia maji. Mvua ikizidi, maji huja na magogo, matawi na majani, na takataka hizo huziba mdomo wa kalvati. Hapo tuta huwa bwawa. Maji hupanda upande wa juu, hata yakafurika juu ya lami, yakaanguka upande wa pili. Yaangukapo huchimba udongo wa chini ya tuta, kidogo kidogo, kama panya alaye mfuko kwa ndani. Lami juu ni ngumu, haianguki mara moja. Hubaki imening'inia, nyeusi na safi imeoshwa na mvua, na chini yake ni shimo.

Hii ndiyo hatari ya asubuhi ile njema. Dereva huona lami nzima, maji yamepungua, na jua lawaka. Huenda mwenzake mmoja amekwisha kupita salama. Basi hupita naye akiwa na lori zito au basi lenye watu, na ndipo lami huvunjika. Hakudanganywa na mtu. Alidanganywa na macho yake.

Hatari ya pili ni maji yaendayo kasi. Watu wengi hudhani maji ya magotini hayana neno. Si kweli. Maji ya mbio yenye kina cha sentimeta 15 tu, hata nusu ya goti hayafiki, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimeta 30 yaweza kuisukuma motokaa ndogo, na yakifika sentimeta 60 yaweza kuelea nayo na kuichukua, hata ikiwa kubwa. Motokaa ni nzito, ndiyo. Lakini maji huiinua jinsi yanavyoinua chombo, na gurudumu lisilokanyaga nchi halina nguvu. Zaidi ya hayo, maji ya mafuriko yana rangi ya udongo, na anayeingia haoni kama chini pana barabara au pana shimo.

Na baharini je? Upepo ukitulia pwani, mawimbi hayatulii siku ile ile, kwa maana bahari iliyochafuliwa mbali huendelea kuleta mawimbi yake. Mito nayo huleta baharini magogo na miti mizima, na penye midomo ya mto kama Rufiji gogo lililozama nusu ni adui wa mtumbwi na wa mashua. Kwa hiyo kuzuiwa kwa vyombo baada ya tufani si uonevu. Nahodha wa zamani, asiye na redio wala karatasi ya hali ya hewa, alijua kungoja bandarini. Sisi tulio na habari kila saa tuna udhuru gani?

Tunajua kuwa kungoja kuna gharama. Njia ikikatika, mafuta, sukari na unga hupanda bei. Mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali ya mbali huchelewa. Mfanyabiashara wa samaki huyaona mali yake yakioza, na mwanafunzi hukosa siku za masomo. Hatusemi kwamba mambo haya ni madogo. Kwa sababu ni makubwa, yatupasa kuyaandaa kabla ya masika: akiba ya unga na chumvi nyumbani, dawa za mwenye maradhi ya siku zote zisiachwe mpaka kidonge cha mwisho, na mama aliyekaribia kujifungua asogezwe karibu na hospitali habari za tufani zikianza kusikika, wala si baada ya daraja kuondoka.

Kijiji kilicho kando ya barabara kina kazi zake. Ya kwanza ni kuzibua kalvati kabla ya mvua. Magogo na majani yaliyokaa mdomoni mwa kalvati tangu mwaka jana ndiyo yatakayovunja barabara mwaka huu, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu kumi kwa majembe, asubuhi moja, waweza kuyaondoa. Ya pili ni kuweka alama. Mahali palipokatika wekeni matawi makubwa pande zote mbili, mbali kidogo na shimo, ili mwenye kuja kwa kasi apate nafasi ya kusimama, na usiku pawe na mtu mwenye taa. Mpelekeeni habari mwenyekiti wa kijiji au polisi, mkitaja mahali hasa. Ya tatu ni kumpokea msafiri. Aliyekwama njiani si mgeni wa kuuzwa kikombe cha maji kwa bei ya mbuzi. Kesho njia yaweza kukatika kwao, na msafiri akawa wewe. Maji mtakayompa yachemsheni kwanza, maana mafuriko huingiza uchafu wa vyoo visimani na kuleta kipindupindu.

Na wewe msafiri, ukifika penye maji, simama. Waulize wenyeji, maana wao wajua mahali palipokuwa na kalvati na mahali palipokuwa na shimo tangu awali. Ukiona lami ina ufa mrefu kando, au imebonyea, au udongo wa tuta umeporomoka hata kidogo, usipite, ijapokuwa mwenzako amepita. Dereva akitaka kujaribu, abiria wana haki ya kushuka na kukataa. Ghadhabu ya dereva hupoa jioni ile ile.

Wazee wetu walisema neno fupi, "Kawia ufike." Hawakusema "usiende," kwa kuwa walikuwa wasafiri wa bara na bahari, na walijua safari haina budi kufanywa. Walisema tu kwamba shabaha ya safari ni kufika. Tufani huja na kuondoka kwa usiku mmoja, wala hatuna uwezo wa kuizuia. Lakini kungoja siku mbili tatu penye njia iliyovunjika, hilo lipo katika uwezo wetu.