Sululu: Ndege au Chombo?

Mfasiri akutanapo na neno sululu hana budi kuangalia kwanza upatanisho wa kisarufi. Sululu mbili ni vyombo vya kuchimbia. Sululu wawili ni ndege wa ufukweni, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini mithili ya chombo hicho.

Umbo hilo ndilo lililowavutia pia wataalamu wa viumbe, kwani jina la jenasi, Numenius, latokana na Kigiriki na lahusu mwezi mchanga. Wengine walifuata mlio: Wafaransa husema courlis, Waitalia chiurlo, Wafini kuovi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki hufika aina mbili kutoka kaskazini, Numenius phaeopus na Numenius arquata. Kwa mvuvi, sululu yatosha kwa wote wawili. Kwa mfasiri wa sheria za wanyamapori haitoshi hata kidogo, maana arquata amewekwa na IUCN miongoni mwa viumbe wanaokaribia kuwa hatarini, ilhali phaeopus hakuwekwa humo.

Kuwatenga kwa “mkubwa” na “mdogo” ni rahisi mno. Ndege akiwa peke yake matopeni utamlinganisha na nani? Alama ya kutegemewa ni utosi: phaeopus ana mistari miwili ya kahawia nzito, arquata hana. Hivyo twapendekeza sululu-mistari kwa wa kwanza. Wa pili aitwe sululu-upinde, kwa kuwa arquata ni neno la Kilatini lenye maana ya kilichopinda kama upinde.